Mdomo wa Kina Yescas

Kaka yangu Taurino aliota meno. Aliniambia asubuhi nikiwa naosha mahindi, ukungu umejaa uani hata kuku hawaonekani, unawasikia tu. Alisema ameota yuko mbele ya kanisa, bendi nzima inamngoja, akainua tarumbeta lake, na meno ya mbele yakamdondokea kiganjani polepole, bila damu, yana joto kama punje zilizotoka kwenye chungu. Akapuliza hivyo hivyo, kibogoyo. Tarumbeta halikutoa kitu. Lakini sauti aliisikia, sauti yake mwenyewe na wimbo wake mwenyewe, inatokea jikoni.

"Jikoni wapi?" nikamuuliza.

"Hapa. Jikoni kwako, Eustolia."

"Basi hiyo ni njaa. Kaa ule."

Mama, aliyekuwa anaota moto pembeni, hakucheka. Kwetu San Macario mtu akiota meno yanang'oka, kuna wa karibu atakayekufa. Sijui kwenu mnasemaje. Mama akajipiga ishara ya msalaba, akaanza kuwapitia wagonjwa wa ukoo mmoja mmoja, huyu mapafu, yule sukari, kama anayechagua kuku wa kuchinja. Alipowamaliza wa kwetu akavuka mlima akaingia kwa watu wa Santa Prisca. Akasema, "Labda ni Mzee Abundio." Hapo Taurino akaacha kutafuna.

Mzee Abundio alikuwa tarumbeta la kwanza la Santa Prisca, na rafiki wa baba yetu tangu ujana. Baba alipofariki, mvua ilikuwa imekata barabara, na bendi yao ikavuka mlima kwa miguu, ngoma na mabomba ya kupuliza yamefungwa kwenye nailoni, wakaja kutuzikia mtu wetu. Huku milimani muziki haulipwi kwa fedha. Tunaita gozona: leo ninyi mnatupigia, kesho sisi tunakwenda kuwapigia, na anayekuja hulishwa mpaka afungue mshipi. Siku hiyo Mzee Abundio alisimama juu ya udongo mbichi akapiga wimbo wa baba, ule baba alioutunga mwenyewe kwa ajili ya marehemu mama yake. Una sehemu moja juu sana, sauti inapanda, inakaa huko, halafu inashuka bila haraka. Watu waliacha kulia ili wasikie. Mimi sikuacha, lakini nilisikia.

Tangu hapo kila sikukuu ya Santa Prisca bendi yetu ilikwenda, ikala, ikapiga, ikarudi. Deni la kawaida lililipwa. Ule wimbo haukulipwa. Taurino, aliyerithi kiti cha baba, aliukwepa. Mara midomo imechoka, mara wapiga ngoma hawaujui vizuri. Na mwaka huo Mzee Abundio, kifua kimekwisha na kinywa hakina hata jino la kuazima, alituma salamu na dereva wa lori la saruji: "Mwambieni mtoto wa Epifanio mwaka huu nataka wimbo wa baba yake. Mwakani atampigia nani?"

Ndiyo maana Taurino alikuwa anaota meno.

Sasa nikwambieni habari za mdomo. Mpiga tarumbeta, wenzangu, hapigi kwa mapafu peke yake kama mnavyodhani. Kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma, kinakaa juu ya midomo, na midomo inalala juu ya meno ya mbele. Jino likisogea unene wa uzi, mdomo hauna pa kulala, na sauti inakwenda kombo. Sisi kina Yescas tuna jino moja la juu, la kushoto, lililompandia mwenzake begani, na chini yake kuna upenyo mwembamba wa kupitisha upepo. Baba alikuwa nalo. Taurino analo. Watoto shuleni walikuwa wanamwita Mlango Wazi. Lakini walimu wote wa bendi waliopita hapa walitazama jino hilo wakasema, huyu kazaliwa na tarumbeta mdomoni.

Na mimi ninalo. Hakuna aliyewahi kusema nimezaliwa na nini.

Nilipokuwa msichana niliomba kujifunza. Baba hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alicheka kwa upole, akanishika kidevu na kusema, "Mdomo mzuri kama huu wa nini kuuharibu kwa chuma, binti yangu? Nenda kamsaidie mama." Siku hizi wasichana wamejaa kwenye bendi, wanapiga mpaka lile bomba kubwa linalomzunguka mtu kiunoni. Enzi zetu, hapana. Lakini kipulizio cha zamani cha baba kilikuwa kwenye droo ya vijiko, na alfajiri za ukungu, nikienda kisimani, nilikuwa nakitia mfukoni mwa aproni. Nilipuliza kipulizio kitupu. Kinatoa mlio mdogo, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Ng'ombe waligeuza vichwa. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa bendi yangu, na sikumwambia mtu.

Taurino alikuwa mtu wa ndoto tangu utotoni. Mfumaji mzuri wa mablanketi, lakini ukimpa agizo la blanketi la rangi mbili atakuletea la rangi tano na kusema ndivyo mlima ulivyokuwa asubuhi. Nampenda kaka yangu, lakini kusikia shauri, hasikii. Daktari wa meno wa mjini, Daktari Rebeca, binti aliyelelewa katika ukoo wa wapiga bendi wa bondeni, alikuja kupima watoto wa shule, akaomba na wanabendi wapite. Akamtazama Taurino mdomoni, akaguna.

"Kaka, wewe unakunywa nini kati ya wimbo na wimbo?"

"Tepache kidogo tu."

"Tepache ni nanasi lililochachushwa na sukari ya kutengeneza keki. Unakunywa, halafu unaweka kipulizio juu yake unapuliza. Sukari inashindiliwa kwenye meno, na nyingine inaingia kwenye tarumbeta. Hili jino lako limeanza kuwa na shimo kwa nyuma. Suuza mdomo kwa maji kabla ya kupiga. Kila mara. Na hicho kipulizio kioshe kwa sabuni, kinanuka."

"Sawa, daktari."

"Usiniambie sawa. Suuza."

Halafu akamng'atisha kitu laini cha rangi ya waridi kilichokuwa kinaganda, na wiki iliyofuata akamletea meno yake mwenyewe kwa plasta, meupe, yamekaa kwenye ufizi mweupe. Alisema kila mpiga tarumbeta aache nakala ya mdomo wake mahali salama angali mzima. Siku jino likivunjika, fundi ajue lilivyokuwa. Taurino akaiweka plasta ile kwenye meza ya watakatifu, kati ya sanamu ya Mtakatifu Macario na picha ya baba. Kila ukipiga magoti, meno yanakuchekea.

Na je, alisuuza? Siku aliyokumbuka. Tepache aliikumbuka kila siku.

Tulipopata salamu za Mzee Abundio akaanza kuufanyia mazoezi wimbo wa baba juu ya paa, saa ukungu unapopanda kutoka bondeni na kijiji kizima kinaelea. Nilikuwa nasimama jikoni nasikiliza. Wimbo unapanda vizuri, unapanda, na ukifika pale juu anateleza pembeni. Tena. Anateleza. Jino lilikuwa linamuuma, mjinga yule, na alikuwa anasogeza kipulizio kidogo upande wa pili ili asiliguse. Nilijua. Ulimi wangu ulikuwa unaligusa jino langu kila akipuliza.

"Nenda kwa daktari," nikamwambia.

"Nikirudi kutoka Santa Prisca."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wewe si mkuu wangu, ni mdogo wangu."

Haya.

Ikaja harusi ya ukoo wa Zenaida, shoga yangu. Harusini kwetu jamaa wa bibi harusi hucheza wamebeba bata mzinga hai, waliovalishwa utepe shingoni, na bendi inakwenda mbele yao kwenye njia ya mawe. Zenaida alikuwa amembeba dume mmoja mkubwa, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja mezcal ya kutosha. Akazunguka. Bata mzinga akapiga bawa. Bawa likapiga mdomo wa tarumbeta, tarumbeta likarudi kwa mwenyewe, na nikasikia sauti ambayo nisingependa kuisikia tena. Tarumbeta halikukatika polepole. Lilinyamaza. Ngoma ziliendelea hatua chache bila habari, halafu nazo zikanyamaza, na njia nzima ikajaa ukungu na manyoya.

Taurino alikuwa ameshika mdomo. Alipoutoa mkono, lile jino la kushoto lilikuwa limebaki kipande kama punje iliyoliwa na panya.

Tulitafuta kilichovunjika kati ya mawe, harusi nzima imeinama, na bibi harusi na shela lake. Hatukukiona. Wakasema labda bata mzinga kameza. Kwa hiyo yule bata alipochinjwa Zenaida alipasua firigisi lake mbele ya mashahidi, huku analia na kuapa hatakunywa tena. Vijiwe tupu. Na kijiji, kwa kuwa hakina huruma, kikapata la kusema mwaka mzima.

"Poleni, nasikia mmepigwa na kitoweo!"

"Taurino, dawa ya jino ni kung'oa, bata kakusaidia!"

Taurino alicheka nao, mdomo umevimba, halafu akaja jikoni akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa kando ya moto, akalia kama mtoto. "Nilingoja kupiga ule wimbo nikiwa tayari," alisema. "Sasa siwezi hata kutamka jina la mzee." Ni kweli, alisema Afundio. Sikucheka. Nilimpa maji ya chumvi asukutue.

Daktari Rebeca alisema mzizi ni mzima, tushukuru. Alisafisha shimo, akaweka jino la muda, jeupe, limenyooka, zuri la picha. Taurino akatoa kipulizio mfukoni pale pale kitini, akapuliza. Upepo ukatoka kila mahali isipokuwa mahali pake. Akajaribu tena na macho yake yakaanza kuzunguka chumba kama ya mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vimehamishwa.

"Ndivyo," daktari akasema. "Hili limenyooka. Lako halikuwa limenyooka. Nileteeni ile plasta, na la kudumu litakuwa jino lile lile, pembe kwa pembe."

Tukarudi mlimani tuna furaha. Tukaingia moja kwa moja kwenye meza ya watakatifu. Mtakatifu Macario yupo. Baba yupo. Kati yao, mshumaa.

Tulipekua nyumba. Chini ya vitanda, kwenye magunia ya sufu, hata kwenye kiota cha kuku. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, hasemi kitu, na Mama asiposema kitu ujue kuna kitu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli. Mwishowe akauliza, anatazama pasipo mtu:

"Hicho mnachotafuta ni cheupe?"

"Ndiyo, Mama."

"Kigumu gumu, kina mabonge?"

"Mama, kiko wapi?"

"Si mlikuwa hampo. Mahindi yanataka chokaa, chokaa imekwisha, nikapapasa, nikakuta bonge la chokaa mezani kwa watakatifu. Nikasema, loh, Eustolia siku hizi anahifadhi chokaa kwa Mungu! Nikaliponda."

Mahindi huchemshwa na chokaa ili maganda yatoke, kila nyumba, kila siku. Mtu wa kwetu akishika kitu cheupe kinachovunjika, mkono wake tayari unakwenda chunguni. Nilikumbuka siku ile maganda yalivyogoma kutoka na chapati za mahindi zikawa ngumu, na Taurino akasema zinamkwama menoni. Alikuwa anakula meno yake mwenyewe.

"Nimeua wimbo wa baba yenu," Mama akasema. Akajifunika uso kwa shali na hatukuweza kumfunua mpaka jua likatua.

Tulirudi kwa daktari tukiwa mikono mitupu. Nilikwenda na Taurino kwa kuwa alikuwa haongei tena, na sikukuu ya Santa Prisca ilikuwa inakaribia. Barabara nzima ukungu ulikuwa umelala chini yetu kama sufu iliyochanuliwa, milima inachungulia. Nilikuwa nafikiri juu ya mzee kibogoyo amekaa kwenye kiti akingoja. Niliona aibu kwa niaba yetu sote.

Daktari akauliza plasta iko wapi. Nikamweleza. Nilianza kwa heshima zote, lakini nilipofika kwenye "anahifadhi chokaa kwa Mungu" kicheko kikanitoka, Mungu anisamehe, kicheko na machozi pamoja, nikainamia meza nikashindwa kujizuia. Niliponyanyua uso, daktari hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Dada," akasema, "hebu cheka tena."

"Samahani, daktari, sikukusudia..."

"Cheka tena, nakwambia. Au fungua tu."

Nikafungua. Akavuta taa. Kidole chake kikapita juu ya jino langu la kushoto, begani mwa mwenzake, kikashuka kwenye ule upenyo, kikasimama hapo. Akamgeukia Taurino. "Kaka, ulikuwa na nakala nyumbani miaka yote, inakupikia chakula."

Akanitia kile kitu cha waridi mdomoni. Kina ladha ya peremende. Kilipokuwa kinaganda nilifumba macho, na sijui kwa nini nikamwona baba amenishika kidevu, anacheka kwa upole. Nilimkasirikia vibaya sana. Nilikuwa siwezi kusema kitu, mdomo umejaa, kwa hiyo nilikasirika kimya mpaka daktari akasema tayari.

Akapima, akasema wangu ni mdogo kidogo, atakuza. Akasema pia jambo jingine, akiwa ameniinamia kunifuta kidevu: "Lako ni zima kabisa. La kaka yako lilikuwa limeshalika, kona imekwenda zamani. Baba yenu ndivyo alivyokuwa, bila shaka, kama hili." Nikamwambia baba hakuwa mtu wa tepache. "Basi," akasema.

Taurino alipovikwa jino jipya hakupuliza pale kliniki. Alikuja nalo nyumbani amefunga mdomo kama amebeba yai. Siku kadhaa alipiga kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, kama alivyoagizwa. Na alisuuza, jamani! Alisuuza kabla, alisuuza baada, alimwagilia maua yote kwa kusuuza. Siku moja akaniambia, hanitazami usoni, "Najisikia kama nimevaa kitu chako bila kuomba."

"Si umeomba? Daktari kaomba."

"Mimi sikuomba, Tolia."

Nikageukia mahindi yangu. Nilikuwa na kazi.

Santa Prisca tulifika ukungu umelala mpaka kwenye ngazi za kanisa. Walitulisha kama desturi, mchuzi wa ng'ombe, tamale za maharage, chokoleti ya moto na mkate wa mayai. Taurino hakugusa hata chokoleti. Mzee Abundio aliletwa na kiti chake, amevikwa blanketi la rangi tano, na mara moja nililitambua ni kazi ya nani. Alikuwa amebaki mifupa na masikio. Bendi zetu mbili zilisimama pande mbili za ua wa kanisa, na katikati hapakuwa na kitu ila ule weupe unaosogea.

Taurino akaomba kikombe cha maji. Akasuuza, akatema pembeni kwa adabu, akainua tarumbeta.

Wimbo wa baba ulianza chini, kama unavyoanza. Sikuona tena kaka yangu. Ukungu ulikuwa umempitia, sauti ilikuwa inatoka tu hewani. Ikapanda. Ulimi wangu ulikuwa juu ya jino langu, nimeshika shali kwa mikono miwili. Ikapanda tena. Ikafika pale anapotelezea, na haikuteleza. Ilikaa. Ilikaa huko juu wazi, bila kutetemeka, muda wa mtu kuwakumbuka watu wake wote, halafu ikashuka bila haraka. Nililia kwa sauti na sikumwonea haya mtu.

Ilipokwisha, Mzee Abundio alinyoosha mkono, Taurino akaenda akapiga goti.

"Wewe nakujua," mzee akasema, kwa ile sauti ya ufizi mtupu. "Pale juu huwa unapita pembeni kama unakwepa mbwa. Leo umepita katikati. Hiyo haikuwa sauti yako, hiyo ilikuwa ya Epifanio. Umeipata wapi?"

Angeweza kusema mazoezi. Angeweza kusema Mungu. Kaka yangu akasema, "Jino si langu, mzee. Ni la dada yangu, huyu hapa. Ndiye mwenye mdomo wa baba."

Mzee akanigeuzia uso. "Na wewe unapiga nini, mama?"

"Sipigi kitu, mzee. Mimi napika."

"Nani alisema?"

"Baba."

Akafumba macho hadi nikadhani amesinzia. Akasema, "Epifanio alikuwa rafiki yangu wa roho. Sikio lake hakuna aliyekuwa nalo milima hii yote." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Kwa hilo alikuwa kiziwi."

Tukarudi nyumbani kwa lori. Mama, tuliyekuwa tumemwacha kwa majirani, aliuliza tu, "Amesikia?" Tukamwambia amesikia. Akasema, "Basi nimesamehewa," akaenda kulala.

Asubuhi nilikuwa naosha mahindi. Ukungu uani, kuku wanasikika. Taurino akaingia jikoni na tarumbeta chini ya kwapa, akaliweka mezani kati ya unga na nyanya. Akachota maji kwa kikombe, akanipa.

"Suuza mdomo kwanza," akasema.

"Taurino, nina miaka hamsini na kitu."

"Suuza."

"Kijiji kitacheka."

"Mimi nimepigwa na bata mzinga, Tolia. Watacheka nini zaidi?"

Nikafuta mikono. Nikasuuza. Maji yalikuwa baridi mpaka kwenye mizizi. Nikamwambia atoke, siwezi akinitazama, akatoka, nikasikia miguu yake ikienda uani kwa Mama. Nikaenda kwenye droo ya vijiko nikatoa kipulizio cha baba, nikakichomeka mahali pa kile cha Taurino. Kiliingia. Niliweka midomo, na midomo ikalala, na kila kitu mdomoni mwangu kikawa kinajua pa kukaa. Vidole nilikuwa navijua. Nimevitazama maisha yangu yote.

Nikapuliza. Ya kwanza ilikuwa upepo. Ya pili ikatoka. Nikaifuata na ya tatu, na ya nne, ule mwanzo wa chini wa wimbo wa baba, na sufuria zote ukutani zikaitikia.

Nje, Mama akapaza sauti.

"Taurino! Mbona unapigia jikoni, mwanangu? Njoo huku uani tukusikie!"

Na nikamsikia kaka yangu, kwa upole, karibu naye kabisa.

"Mimi niko hapa, Mama."